Abee Mia Mbili

"Abee."

Neno lilitoka upande wa jikoni, taratibu, kama la mtu aliyeitwa huku mikono yake imo kwenye unga. Kahaso akafumbua macho gizani. Ukuta wa ploti yao ya Chaani ni mwembamba, na sauti za majirani alizijua zote, hata nani anakohoa na nani anajikohoza. Hii haikuwa ya jirani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akanyoosha mkono. Jumwa, bintiye wa mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa pale ubavuni amelala mdomo wazi. Upande wa pili Gershom, mumewe, anakoroma. Watu wa nyumba ile ni hao tu. Na lililomtia baridi zaidi si sauti, ni kwamba hakuna aliyeita. Marehemu mamake alimfundisha jambo ambalo kina mama wa pwani huwafundisha mabinti wao wote: ukisikia jina lako usiku, nyamaza mpaka liitwe mara ya tatu. Binadamu akikutaka ataita hata mara kumi, bali jini huita mara mbili akaenda zake. Sasa hapa hakuna aliyeita hata mara moja, na tayari mtu ameitika.

Akajiambia ni ndoto. Akamvuta mtoto karibu, akalala usingizi wa kuku.

Asubuhi Gershom alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikaa kwenye kigoda akichovya hamri kwenye chai, tayari kwenda godauni anakopakia mizigo.

"Jana umenifurahisha, Mama Jumwa."

"Kwa lipi?"

"Si ni lile la mtoto? Nimempigia mama alfajiri hii. Anasema Jumapili atatungoja pale Kaloleni stendi, na mwavuli wa mjukuu ameshanunua."

Kahaso alikuwa akimkorogea mtoto uji. Kijiko kikasimama. Miezi miwili sasa Gershom alikuwa anataka Jumwa akalelewe na nyanya yake, ati moshi wa viwanda wa huku Changamwe unamharibu kifua, ati Kahaso naye apate nafasi ya kutafuta kazi ya kiwandani. Na miezi miwili Kahaso alikuwa anakataa.

"Mimi nilikwambia sitaki. Mtoto bado ananyonya."

"Jana usiku nikakuuliza tena, ukakubali."

"Nilikuwa nimelala, Gershom."

"Aliyelala anasema 'sawa mpenzi, nimekubali, wewe ndiwe baba yake'?"

"Mimi? Mpenzi? Nimeanza kukuita hivyo lini?"

"Ndiyo maana nikafurahi," akasema, akacheka, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoka.

Kahaso akabaki na bakuli mkononi. Anadanganya, akawaza. Mtu akitaka jambo lake hutunga lolote. Lakini alimjua mumewe: Gershom akidanganya hutazama chini, na leo alimtazama usoni.

Mchana akatoka kuanika nguo, akamkuta Velma, jirani wa chumba cha pili, amejifunga leso nyekundu yenye michoro ya korosho. Leso ya harusi ya Kahaso.

"Velma, hiyo umeitoa wapi?"

"Si ulinipa? Juzi usiku nilikuomba hapo kwa dirisha, ukasema 'chukua tu'. Hata nikashtuka. Wewe na vile uko mchoyo wa leso."

"Nilisema mimi?"

"Ni nani mwingine, jini lako?" Velma akacheka, akaenda na ndoo yake.

Basi ndiyo hiyo, Kahaso akawaza. Wamepanga. Mume na jirani wameshikana wanifanye mwendawazimu, mtoto akishaondoka na mimi nifuate, na Velma aingie na leso yangu kiunoni. Jioni ile aliwachunguza wote wawili, nani anamtazama nani, nani anapita ukumbini mwenzake akipita. Hakuona kitu. Akaingia chumbani kutafuta nepi, na nyuma ya mlango akakuta mkoba.

Ndani mlikuwa na nguo za Jumwa, zote, na kile kikombe chake chenye masikio mawili. Zimekunjwa mikono ndani, halafu mara tatu, halafu zimeviringwa. Gershom hajui kukunja hata taulo. Velma hukunja nguo kama anayefunga sambusa. Dunia nzima mtu anayekunja hivyo ni mmoja, na alikuwa amesimama pale ameushika mkoba.

Hapo ndipo shaka yake ilipowaacha wale wawili, ikamgeukia mwenyewe.

Akaketi kitandani akaitoa simu, maana neno moja lilikuwa limemwasha tangu asubuhi. *Wewe ndiwe baba yake.* Aliwahi kulisema, lakini si kwa Gershom. Miezi miwili nyuma Velma alimletea kazi ya kwenye simu, ya kampuni isiyojulikana iko nchi gani, wanaofundisha kompyuta kusema. "Wanataka Kiswahili chenyewe," Velma alisema, "si hiki changu cha Kakamega cha kuvunjika mbavu." Kahaso amemaliza kidato cha nne na Kiswahili alipata A, akaona kumbe kuna mahali itamfaa. Kila mchana Jumwa akilala, alijifunika blanketi ili mwangwi usiingie, waya masikioni, na programu ile ikamwita jina lake, naye akaitika. Abee ya mtu wa usingizini. Abee ya furaha. Abee ya mtu aliyeudhika lakini anakuja. Walitaka mia mbili, akatoa mia mbili. Baadaye wakaleta maneno: sawa, haya, nakuja, chukua tu, nimekubali, wewe ndiwe baba yake.

Sasa akaipitia orodha yote, juu mpaka chini. Akatafuta *hapana*. Akatafuta *sitaki*, *niache*, *bado*. Miezi miwili ya kazi, na neno la kukataa hawakuwa wamemwomba hata moja.

Akaifuta programu.

Usiku wa Alhamisi akaapa kwamba hatalala. Simu aliizima, akaizika ndani ya kopo la unga, akafunga komeo, akaketi kitandani mgongo ukutani na Jumwa mapajani. Gershom alishalala. Saa saba ikapita. Kisha ikaja harufu, kwanza ya asumini, tamu mpaka inakera, na chini ya asumini harufu ya waya unaoungua. Nje, karibu na bomba la maji, mtu akasema, "Kahaso."

Akauma midomo. Mara moja hiyo, akahesabu.

"Abee."

Safari hii haikutoka jikoni, ilitoka chini ya kidevu chake, na alipopeleka mkono shingoni alikuta koo linatetemeka na midomo imefunga kama alivyoifunga, na kabla hajajua amwamshe nani miguu yake ikashuka kitandani, yenyewe, ikavaa ndara kwa adabu, mikono ikamlaza mtoto pembeni, ikaushika mkoba, ikaanza kukunja upya kile kigauni cha manjano alichokuwa amekitoa mchana, mikono ndani, mara tatu, ikaviringa, naye akiwa mle ndani anaitazama kama mtu anayetazama nyumba yake kupitia dirisha la jirani, anapiga kelele na kelele haina mdomo wa kutokea, anaiamuru iache na mikono haina habari naye, mpaka Gershom akageuka kitandani, akauliza kwa usingizi, "Mbona hulali, mama?" na mdomo wa Kahaso ukajibu, mtamu kama asali, "Nakuja, mpenzi. Nampangia mtoto safari."

"Siku hizi umekuwa mtulivu," Gershom akasema. "Sijui ulikuwa wapi siku zote."

Kulipokucha mikono ilikuwa yake tena, na kucha zilikuwa zimeingia viganjani.

Jumamosi akamfunga Jumwa mgongoni, akavuka feri, akapanda tuktuk hadi Bofu. Kule kuna Mzee Nguma, fundi wa friji siku sita na mganga akihitajiwa. Karakana yake ni ya mabati, imejaa friji mbovu zilizosimama kama watu kwenye foleni. Yeye alikuwa amekalia moja iliyolazwa chali, anakwangua kutu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Haigandishi, ama inagandisha kupita kiasi?"

"Si friji, Mzee."

Akamtazama. Akaweka msasa chini. "Haya, sema."

Kahaso akasema, akasema mfululizo bila kituo, abee na leso na mkoba na mikono, na kwamba kesho ni Jumapili na baba mtoto ana nauli tayari. Alipomaliza, mzee akajikuna shingo.

"Jini hana nguvu ya kuchukua mtu, mwanangu. Nguvu yake ni kuita. Wewe ukiitika ndiyo umempa mkono. Zamani alikuwa na kazi ngumu maskini, mlango kwa mlango, usiku kucha, watu wamenyamaza kama magunia. Mtu mmoja akijisahau ni bahati." Akatikisa kichwa. "Wewe umempa mia mbili. Mchana. Kwa hiari yako. Na umempangia, hii ya furaha, hii ya hasira."

"Mimi niliwapa kampuni, Mzee."

"Na kampuni waliziweka wapi? Kitu kisicho na mwili, kiko kila mahali, kinajua majina ya watu na kinaita. Mimi kwangu kina jina moja tu."

"Kinamtaka mtoto?"

"Kinakutaka wewe usiyekataa. Na la mwisho unalolikatalia ni mtoto. Akishaenda huyo, utabaki na nini cha kusemea hapana?"

Kahaso akamshika Jumwa mguu mgongoni, ule mguu wenye joto. "Nifanye nini?"

"Usiku si lazima. Hiki hakingoji giza." Akainuka, akavuta milango ya mabati, mchana ukakatika pale pale, ukabaki kwenye matundu ya misumari. Akaleta kikombe. "Maji ya bahari. Jaza mdomo. Usimeze, usiteme mpaka nikuletee karai. Litakuita mara mbili. Mdomo uliojaa hauitiki. Likikosa jibu mara mbili, limekosa mkono wa kushika."

Kahaso akapiga funda, mashavu yakavimba. Chumvi ikamchoma. Mzee Nguma akaanza kunong'ona dua, mgongo wake umeelekea ukutani, na joto la mabati likaongezeka, na ile asumini ikaja, ikajaa, na chini yake ule waya unaoungua, ingawa mle ndani hakuna kilichochomekwa umeme, si friji hata moja, na bado ya pembeni ikaanza kunguruma.

"Kahaso, mwanangu." Ni mamake. Mamake aliyezikwa mwaka wa tatu sasa, na kile kikohozi chake kidogo mwisho wa jina. "Kahaso, njoo unishike, nimesimama tangu juzi."

Machozi yakamshuka, yakafika kwenye midomo, akaibana zaidi. Koo lilitaka. Alilisikia likinyanyuka kama mtu anayetaka kuinuka kitini, akalikandamiza kwa mikono yote miwili.

Halafu, ndani ya ile friji iliyolazwa, chini ya kifuniko, mtoto akalia. Kilio cha Jumwa, kile cha njaa, na ndani ya kilio jina lake, ambalo Jumwa hajui kulitamka: "Kahaso. Kahaso, nitoe." Maziwa yakamtoka yenyewe yakalowesha blauzi, na alijua Jumwa yuko mgongoni, alimsikia akipumua shingoni, na hata hivyo mguu wake mmoja ulishapiga hatua kuielekea friji ile kabla hajajizuia, akasimama hapo, maji mdomoni, mpaka kilio kikafifia, kikawa mngurumo, mngurumo ukakatika.

Asumini ikaondoka. Ikabaki harufu ya kutu na ya maziwa.

"Limekwenda," Mzee Nguma akasema. Alikuwa amempa mgongo, anainama kutafuta karai nyuma ya friji. "Umejitahidi. Hata majasiri huanguka kwenye sauti ya mama. Sasa limebaki sharti moja, na ndilo kubwa. Haya yaliyopita, usimwambie mtu mwingine. Wala jirani, wala mchungaji, wala huyo mumeo. Jambo la hawa likisimuliwa ni kama limeitwa upya. Niahidi."

Kahaso akatikisa kichwa kukataa, lakini mzee hakuwa anamwona. Mtu mwingine yeyote sawa, akataka kumwambia, lakini si Gershom. Nisipomwambia Gershom kwamba ile sawa haikuwa yangu, kesho asubuhi anambeba Jumwa. Akainua mkono. Akagonga bati. Karai lilete basi, mzee, niteme, niseme.

"Nakusikia. Karai hili limekwama. Wewe niahidi tu."

Mashavu ya Kahaso yalikuwa yamejaa maji ya bahari mpaka yanauma, na midomo yake imefungwa kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Naahidi, Mzee," ikasema sauti yake, safi, ya adabu. "Sitamwambia mtu mwingine."