Kiti cha Bibi Kitatoka Kikavu

Kila asubuhi, mume na mke walifungua karakana yao pamoja. Mume alikuwa seremala. Aliunda fremu za viti, makochi na vitanda. Mke alikuwa fundi wa kushona. Alikata sponji, akaivisha kitambaa, na kochi likapendeza.

Watu walimwita mume Pima Mbili, kwa sababu hakukata ubao kabla ya kuupima mara mbili. Mke walimwita Mama Sindano. Kushona kulikuwa sababu ya kwanza. Ulimi wake ulikuwa sababu ya pili.

Karakana ile ilikuwa na desturi moja. Mteja akija kuchukua kiti chake, alileta bia. Waliiita "kulowesha kiti." Walisema kiti kikitoka kikavu hakidumu. Ni nani aliyeanzisha maneno hayo? Hakuna aliyekumbuka. Mama Sindano alikumbuka tu ni nani aliyeyapenda kuliko wote.

Zamani kazi zilikuwa chache, na bia zilikuwa chache. Kisha kazi zikaongezeka. Sasa haikupita siku bila kiti kuloweshwa. Ikifika mchana, macho ya Pima Mbili yalikuwa mekundu na penseli aliyoitafuta ilikuwa sikioni kwake.

"Natoa vumbi kooni tu," alisema kila mkewe alipomtazama.

"Vumbi gani hilo lisiloisha miaka yote?"

"La mbao ngumu, mke wangu."

Wateja walicheka. Mama Sindano hakucheka. Aliinama kwenye cherehani yake na kukanyaga kwa hasira.

Siku moja muuguzi wa zahanati aliingia bila kupiga hodi. Alikuwa jirani yao, mtu wa salamu ndefu na maneno laini. Siku hiyo hakutoa hata salamu. Alibeba kiti kwa mkono mmoja na mguu wa kiti kwa mkono mwingine. Akavitupa vyote juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda.

"Mama yangu amekalia kitu hiki leo," alisema. "Sasa amelala kitandani, nyonga imevimba."

"Mungu wangu! Amevunjika?" Mama Sindano aliuliza.

"Hajavunjika. Hiyo ni bahati yake, si kazi yenu."

Mama Sindano alikitambua kiti. Kitambaa cha maua ya manjano alikishona yeye mwenyewe. Bibi, mama yake muuguzi, aliyachagua maua yale baada ya kupekua vitambaa vyote vya karakana. Akauchukua ule mguu na kuuchungulia. Mahali pa skrubu palikuwa na tundu. Tundu lilikuwa limezibwa vizuri kwa gundi na unga wa mbao, likapigwa msasa, likapakwa rangi. Ndani hapakuwa na skrubu.

Akakumbuka. Siku ile kuna mteja alikuja kulowesha kochi lake. Pima Mbili alikunywa naye, kisha akarudi kumalizia kiti cha bibi huku akiimba.

"Uliziba tundu tupu," alimwambia mumewe.

"Mbao za siku hizi, unajua..."

"Usiisingizie mbao! Ubao haunywi!"

Pima Mbili alishika kiuno. "Sasa mnanifanya mlevi? Mimi si mlevi. Sijawahi kulala mtaroni. Sijampiga mtu. Pombe kali siigusi. Nakunywa bia tu."

"Bia tu!" muuguzi alisema. "Shemeji, chupa ya bia na kipimo cha pombe kali hutofautiana ladha na wingi wa maji. Kilevi kilichomo karibu ni kilekile. Ukimaliza chupa kadhaa, mwili wako hauulizi kilitoka chupa gani."

"Lakini inasafisha kifua. Vumbi la mbao ni baya."

"Vumbi ni baya kweli. Bia inashuka tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Vitakutana wapi? Ukitaka kujikinga na vumbi, vaa barakoa na ufungue madirisha. Ukiwa na kiu, kunywa maji. Bia inakukojolesha, inakuacha mkavu zaidi."

"Basi nikinywa kahawa kali, inaisha."

"Haiishi. Kahawa inakufumbua macho tu. Mkono bado umelewa. Ini linahitaji muda, na huwezi kuliharakisha kwa kahawa wala kwa kuoga maji baridi. Na wewe, pombe ikiwa mwilini, unasimama mbele ya msumeno wa umeme! Leo umeangusha mtu. Kesho utaacha vidole mezani."

Pima Mbili alitazama vidole vyake. Vyote vilikuwepo.

Muuguzi alivuta pumzi. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini sauti ilishuka. "Nijibu kweli. Asubuhi, kabla hujanywa, mikono inatetemeka? Unatokwa jasho, moyo unakwenda mbio?"

"Hapana."

"Hapana kweli?" muuguzi alimuuliza Mama Sindano.

"Hapo hasemi uongo," Mama Sindano alikubali.

"Vizuri. Ingekuwa ndiyo, ningekukataza kuacha ghafla. Mwili uliozoea sana pombe unaweza kupata degedege ukinyimwa mara moja. Mtu wa hivyo aje kwanza zahanati, tumsaidie. Wewe anza kupunguza leo. Usinywe kabisa wakati wa kazi. Ziwepo siku za wiki ambazo hugusi. Siku unayokunywa, kula kwanza, kunywa taratibu, na baada ya chupa moja kunywa maji. Na waambie rafiki zako, wasikushike mkono kukuvuta."

Jioni hiyo Mama Sindano alimpeleka mumewe kwa bibi kuomba radhi. Bibi alikuwa ameegemea mito, mdogo wa mwili, lakini macho yake yalikuwa makali.

"Pole, bibi. Nimesikia umeanguka," Pima Mbili alianza.

"Nani kaanguka?" bibi alifoka. "Mimi sikuanguka. Niliangushwa."

Pima Mbili aliondoka pale kichwa chini. Njiani aliapa kupunguza. Mama Sindano alimwamini, akamshika mkono.

Wiki haikuisha. Mama Sindano aliingia karakana kutoka kununua uzi, akamkuta mumewe anacheka peke yake na kupiga randa upande usiofaa. Chini ya meza palikuwa na chupa.

"Uliniambia unakunywa moja tu jioni!"

"Ndiyo. Moja tu. Ile ninayonunua mimi."

"Na hizi?"

"Hizi za wateja. Za bure. Hizi si zangu, ni za kiti."

Mama Sindano aliishi na mtu mzima, baba wa watoto, fundi anayepima ubao mara mbili, na mtu huyo aliamini kwamba bia ya bure haipiti tumboni mwake! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Kiti kina ini?" aliuliza. "Kiti ndicho kilichosahau skrubu? Sikiliza, baba watoto. Fremu uliyoifanya na pombe kichwani sivishi kitambaa. Maua yangu ndiyo yaliyomdanganya yule bibi. Aliyaona mazuri, akakaa. Sitafunika uongo wako tena kwa mikono yangu."

Pima Mbili alidhani ni maneno ya hasira. Hayakuwa maneno tu. Alipomaliza fremu ya kochi, mkewe aliinusa pumzi yake, akarudi kwenye kiti chake. Akamaliza nyingine, ikawa vilevile. Fremu zikajaa karakana, mbavu nje, hazina sponji wala kitambaa. Wateja walikuja, wakauliza, na Mama Sindano aliwajibu bila kupepesa: "Muulizeni fundi alikunywa nini siku ile."

Kile kiti kilichovunjika alikitundika ukutani, tundu likitazama mlango.

Pima Mbili alinuna. Akalalamika kwa rafiki zake kwamba mke amemgeuka. Lakini siku moja alisimama mbele ya fremu zake, akachukua bisibisi, akaanza kuzikagua moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa na tundu tupu. Lilikuwa limezibwa vizuri, likapigwa msasa, likapakwa rangi.

Hakukumbuka kuliziba. Hilo ndilo lililomtisha. Akaketi juu ya maranda.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Mama Sindano alikuja, akaona. Safari hii hakumchoma. Alileta skrubu.

Tangu hapo Pima Mbili aliacha kubishana. Kila bia aliyoimeza aliihesabu kuwa yake, awe ameinunua au amepewa. Saa za kazi hakunywa kabisa. Mtungi wa maji aliuweka karibu na msumeno, na barakoa aliivaa. Saa ile ya kiu ya mchana, ambayo zamani ilikuwa ya bia, ilimsumbua sana mwanzoni. Alikasirika ovyo, akatembea huku na huku, akanywa chai mpaka akaichoka. Kuna jioni alikunywa zaidi ya alivyoahidi. Asubuhi alimwambia mkewe mwenyewe, kabla hajaulizwa, na hakugusa msumeno siku hiyo. Polepole siku bila pombe zikawa nyingi kuliko siku za pombe. Alianza kulala vizuri. Penseli ikaonekana bila kutafutwa. Na Mama Sindano akaanza tena kuvisha fremu.

Bibi alipopata nguvu, alikuja karakana kwa mkongojo, binti yake muuguzi akimfuata. Kiti chake kipya kilikuwa tayari, na maua yaleyale ya manjano. Wakati huohuo mteja mmoja aliingia na mfuko wa chupa zinazogongana.

"Fundi, leo tunalowesha!"

"Viti vyangu vinatoka vikavu siku hizi," Pima Mbili alisema. "Ukitaka kunishukuru, niletee mteja mwingine."

"Acha masihara! Kwani umeokoka?"

"Nimepima mara ya pili," alijibu, na hakucheka.

Bibi hakuwasikiliza. Alikigonga kiti kwa mkongojo. "Kigeuze."

Pima Mbili alikigeuza. Bibi alipitisha kidole mguu kwa mguu, akagusa kila skrubu.

"Sasa kalia wewe kwanza."

Pima Mbili akakaa. Bibi akamwamuru ajitikise. Akajitikisa. Kiti hakikulia. Ndipo bibi naye akakaa, taratibu, akiushika mkono wa binti yake. Akaegemea. Akauachia ule mkono.

Mama Sindano alihisi machozi, akajifanya anatafuta uzi.

Bibi akainua macho ukutani, akakiona kile kiti cha kwanza.

"Msikitupe kile," alisema, akimwangalia mwenye chupa. "Atakayeleta bia tena hapa ndani, mkalisheni pale."