Spea Nne za Besi

Kwanza niseme, mimi chumvi siongezi. Hadithi hii niliikuta imeshakolea, na anayesema naitunga aende akaitazame karakana yenyewe, mlango bado upo.

Saa sita ya mchana, Fundi Asili akiwa ameinamia spika iliyopasuka, alisikia anaitwa. Sauti nzito, ya chini, iliyopita magotini kabla ya kufika masikioni. Akaitika, "Naam," akidhani ni mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa upande wa pili wa chumba hichohicho. Mkewe akamwambia hajamwita mtu. Wakatazamana. Mwingine hakuwepo, ila gitaa la besi lililoning'inia kwenye msumari, na gitaa lile halikuwa na uzi hata mmoja.

Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe, kiongozi wa bendi, aliyeliokoa kwenye nyumba ya mpigaji wa zamani iliyokuwa ikibomolewa. Lilikuwa kongwe kuliko ndoa ya fundi, mbao yake imeng'aa kwa jasho la mikono ya watu. Lilikosa vitu vinne: ufunguo mmoja wa kukazia uzi, daraja la chuma ambalo nyuzi hukalia, kitufe cha kuongeza sauti, na sumaku ya kunasia mlio. Shemeji alisema liwekewe spea yoyote, bora lilie. Fundi akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Mnadhani jina la Fundi Asili alipewa na nani? Alijipa mwenyewe. Akatangaza mbele ya mtaa mzima kuwa feki haitaingia mlangoni mwake, labda yeye awe ameshatolewa kwa jeneza.

Spea zilipatikana upesi, na hapo ndipo mwenye akili angeanza kuogopa. Ufunguo ulikuwa kwa kinyozi, umepigiliwa ukutani unaning'iniza taulo. Fundi alijuaje? Alipita mlangoni meno yakaanza kumtetemeka. Kinyozi alisita, akasema bibi mmoja alimpa zamani na kumwonya asiutoe kamwe. Fundi akamtengenezea redio bure, ufunguo ukatoka. Siku alipoukaza kwenye gitaa, kidole kidogo cha mkono wa kulia wa mkewe kilikufa ganzi, na chumba kikanuka lehemu iliyochomewa juu ya nywele mbichi.

Daraja lilikuwa kwa muuza magazeti, likikandamiza mzigo usipeperuke. Lilipofungwa, kikafa kidole cha pili. Kitufe kilikuwa kishikio cha droo ya muuguzi mstaafu. Kikafa cha kati. Wote wawili walikuwa wamepewa na bibi yuleyule kwa onyo lilelile, na wote wawili fundi aliwalainisha kwa maneno. Mkewe alinyamaza. Alikuwa na nguo za wateja, akawa anasukuma kitambaa kwa kiganja, mshono unakwenda kama mlevi. Sisi majirani tuliona, tukasema amezeeka. Ndivyo tulivyo wema.

Alinyamaza mpaka mchana mmoja, saa sita tena, fundi alipoinua kichwa kwa sababu ya mdundo, akafikiri ni cherehani, kumbe cherehani imesimama, na mkewe ameketi wima machozi yakimtiririka bila sauti, huku vile vidole vitatu vilivyokufa, vyenye baridi kama bomba la maji, vikitembea juu ya meza kimoja baada ya kingine, polepole, kwa ustadi, kama vya mtu aliyepiga besi miaka arobaini.

"Sivichezeshi mimi," mkewe alinong'ona.

Fundi alimkimbilia muuguzi, naye akamwelekeza kwa bibi. Sumaku ilikuwa kwake, kwenye kitambaa cheusi, na bibi hakuwa na haraka ya kumkaribisha.

"Uliitika?"

"Niliitika, bibi."

"Basi wewe ndiye mwenyeji wake."

Akamweleza kuwa jini wa gitaa lile hana mkono, na hutafuta wa kupigia. Yule mpigaji wa zamani alikutwa amekufa kitini, mkono wake mwenyewe umekaba koo lake. Bibi akalivua gitaa spea nne, tatu akazigawa nyumba mbalimbali, ya nne akaishika. Kila inayorudi huchukua kidole cha mtu wa nyumbani, maana mikono ya mwenyeji inahitajika kuzifunga.

"Vitoe vyake vyote. Weka feki, zote nne. Jini hakai kwenye mwili usio wake."

"Feki, bibi?"

"Chagua, mjukuu wangu. Jina lako au mkeo."

Kesho yake saa sita walifunga mlango. Mke aliukalia mkono wake, fundi akashika bisibisi, na parafujo ya kwanza ilipozunguka ile sauti ya chini ikapanda kutoka sakafuni, vioo vikalia, harufu ya nywele ikajaa mpaka wakakohoa, mkono ukachomoka chini ya paja la mkewe kama nyoka, ukamkamata fundi kooni, naye mkewe akiuvuta kwa mkono wa kushoto na kumwomba msamaha, fundi akafungua huku macho yakimtoka, kitufe kikaanguka, kidole cha kati kikalegea, daraja likaanguka, cha pili kikalegea, akapumua.

Akaweka feki ya kitufe, ya daraja, na ya sumaku. Ukabaki ufunguo. Ule wa feki ulikuwa mnene; ili uingie, ilibidi atoboe upya kichwa cha gitaa, ile mbao kongwe, nzuri, ambayo haikuwahi kuguswa na keekee. Sauti ilishanyamaza. Kidole kidogo kimoja kitamkaba nani? Mkewe alikuwa amefumba macho. Fundi akaupangusa ufunguo wa zamani kwa kitambaa, akauacha palepale.

"Tumemaliza," akasema.

Shemeji alikuja kulichukua gitaa akalisifu sana. Mke akarudi kwenye nguo za watu, na mshono ukanyooka. Siku ya tatu, adhuhuri, cherehani ikasimama katikati ya pindo.

"Mume wangu," aliuliza bila kuinua kichwa, "uliweka feki ngapi?"

"Nne."

Juu ya meza, kidole kidogo kikagonga mara tatu.