Kibarua wa Picha ya Mama

Faustina aliliacha jicho la kushoto bila kope, akatoka kwenda kununua chapati ng'ambo ya barabara. Aliporudi, jicho lilikuwa na kope.

Alilitazama huku akitafuna. Kope zilikuwa nyembamba, zimepinda pale zinapotakiwa kupinda, na hapo ndipo penye shida, maana tuseme ukweli bila kumwonea: Faustina hakuwa na uwezo wa kuchora kope za namna ile. Miaka miwili alikuwa akijifunza kuchora kwenye tableti, humo humo kwenye duka lake la steshenari pale Igowole, kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa picha za paspoti. Alitazama video za mafunzo mpaka vifurushi vikamwishia, akafuata kila alichoambiwa, na pua zake bado zilikuwa viazi. Mwaka wa kwanza angalau alijiona anasogea. Mwaka wa pili alikwama kama lori la mbao kwenye matope. Siku hizi alichora kwa sababu alikuwa ameshaanza, basi.

Na wala hakuwa anachora kwa kujifurahisha. Mama yake alifariki Faustina akiwa msichana wa shule, na picha mbili alizowahi kupigwa ziliteketea nyumba ilipoungua. Sasa ukoo ulikuwa umepanga kulijengea kaburi lake baada ya mavuno, na fundi alikuwa amesema ataacha nafasi ya kigae chenye picha. Sura yenyewe ilikuwa imebaki kichwani mwa Faustina, na kila mwaka ilizidi kufifia. Asipoiweka mahali, itapotea.

"Labda nilizichora mwenyewe nikasahau," alijisemea. Mtu aliyechoka husahau mengi.

Kesho yake ukungu uliingia mapema. Igowole ukungu hausubiri usiku, unashuka mchana kweupe na kuumeza mji mpaka hulioni duka la jirani. Faustina alikuwa chumba cha nyuma akibadilisha wino wa printa aliposikia kalamu ikikwaruza kioo. Kwaru, kwaru. Kisha kimya, kama mtu aliyerudi nyuma kidogo kuiangalia kazi yake. Kisha kwaru tena. Duka zima lilinuka udongo wa kaburi linalochimbwa. Alichungulia, na hakuona mtu. Kalamu ilikuwa imelala mezani imetulia, ila kwenye kioo mstari ulikuwa unatembea wenyewe, unashuka shavuni taratibu kuelekea kidevuni, hautetemeki, haurudiwi, unajua unakokwenda, na kila uliposogea lile jicho la kushoto lilionekana kumwangalia yeye pale alipojibanza nyuma ya pazia.

Mtu mwingine angepiga yowe. Faustina alivuta stuli, akakaa. Alikuwa amechoka, jamani! Miaka miwili ya pua za viazi, na leo kidevu kinatokea, tena kidevu cha binadamu. Akakiacha kiendelee. Hilo lilikuwa kosa, na alilijua hapo hapo alipokaa.

Siku chache tu, picha ilikuwa karibu kwisha. Wateja waliisifu. "Dada Faustina, siku hizi umeiva!" Naye alicheka, akapokea sifa zisizo zake.

Jioni moja alikuwa akila na Evarista, mdogo wa mama yake, aliyekuja kuishi naye baada ya kufiwa na mume huko Mgololo.

"Mama yako alikuwa na jina lake la kukuitia," Evarista alisema huku akimega ugali. "La kwenu wawili, mle ndani. Mimi sikuwahi kulijua. Alikuwa anakuitaje?"

Faustina alifungua mdomo. Halikuja. Alilitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, halikuja. Akasema atafute sauti basi, sauti iliyokuwa ikiliita, haikuwepo. Akatafuta kicheko, akatafuta mikono inayopepeta mahindi, akatafuta sura, na sura ikaja upesi mno, safi, nzuri, imenyooka, sura ile ile iliyoko kwenye tableti, na nyuma yake hapakuwa na nyingine.

"Mama mdogo," alinong'ona, "nisaidie."

Akamwonyesha picha. Evarista aliiangalia kwa muda, akajifunga khanga vizuri kana kwamba kuna mgeni ameingia.

"Huyu ni nani?"

"Si mama?"

"Huyu si dada yangu. Dada alikuwa na mwanya. Pua yake pana, kama yangu. Huyu..." Akashusha sauti. "Zima, mwanangu. Anatusikiliza."

Asubuhi walimwendea mwinjilisti Sosthenes, mzee wa Kilutheri ambaye watu wa pale humfuata wakisumbuliwa na vitu visivyosemwa kanisani kwa sauti kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka, alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeitwa kazini tena kabla hajapumzika.

"Kabla ya hizo kope kutokea," aliuliza, "ulisema nini?"

Faustina aliinama. "Nilisema nimechoka mimi. Anayeweza, na aje animalizie."

"Haya. Umeajiri kibarua. Na hawa hawafanyi kazi bure. Kila anachochora, anakichukua kwako." Alimsogezea kiti. "Sala nitaomba. Lakini kumwachisha kazi ni juu yako wewe uliyemwita. Ufute kwa mkono wako, umwambie basi. Halafu uchore mwenyewe, hata kama ni vibaya."

"Na alivyochukua, atarudisha?"

"Hilo sijui, mwanangu."

Walifanyia dukani, milango imefungwa, ukungu umeziba madirisha. Mzee alisali kwa sauti ya chini, Evarista ameushika mgongo wa Faustina. Faustina akabonyeza, kioo kikamuuliza kama ana uhakika wa kufuta. Hapo harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, baridi ikawatambaa miguuni, na kutoka ndani ya tableti, ambayo sauti yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, mwanamke akaita polepole, kwa mapenzi, jina moja fupi, na lilikuwa ndilo, lilikuwa lenyewe, jina la jikoni, jina la asubuhi za baridi anapoamshwa kwenda shule, na Faustina alijua kwamba akiiacha picha ibaki, jina nalo litabaki.

"Umelisikia?" alilia. "Mama mdogo, umelisikia?"

"Sijasikia kitu. Futa!"

"Basi," Faustina akasema. "Kazi imekwisha. Nenda." Akafuta.

Kioo kikawa cheupe. Na jina nalo likaondoka, hata herufi ya kwanza hakuikumbuka. Alilia mpaka akaishiwa nguvu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kigae kilisogezwa mpaka mwaka mwingine, ukoo ukanung'unika. Faustina akarudia viazi vyake. Jioni kwa jioni Evarista alikaa ubavuni kwake: "Pua ipanue. Hapana, sasa umezidisha. Mwanya uko juu, siyo chini." Mistari ilipinda, naye aliiacha ipinde. Hakuna aliyemsifu tena dukani. Mara nyingi alitamani kuitupa kalamu, akaishika tu, maana alishajua nani anasubiri aiachie.

Kisha jioni moja, baada ya masika, mdomo ulitoka. Mwanya mahali pake, upande mmoja wa mdomo umepanda kidogo kama wa mtu anayetaka kucheka na anajizuia. Evarista aliweka mkono kifuani.

"Ni dada," alisema, machozi yakimtoka. "Ndiye kabisa." Akamgeukia polepole. "Faustina. Umeuchora wewe?"

Faustina aliutazama mkono wake. Kalamu ilikuwa vidoleni, na alikumbuka kuisogeza. Au alidhani anakumbuka.

"Ngoja kwanza, mama mdogo."

Akafumba macho, akaanza kuhesabu alivyobakiwa navyo vya mama. Jembe lenye mpini mfupi. Kikohozi cha asubuhi. Uji wa ulezi. Sweta la kijani. Hapo akakwama, akasubiri, hakikuja kingine. Na hakuwa na namna ya kujua kama vilikuwa vinne tangu jana, au kama hadi asubuhi ile vilikuwa vitano.