Mama Chemsha na Wageni Wasioonekana

Shup! Shup! Shup!
Usiku wa manane, kuna kitu kinalia jikoni.

Hidaya akaamka. Mama naye akaamka. Mama, jasiri kweli, akajificha nyuma ya Hidaya.

Shup! Shup! Shup!
Kumbe ni shangazi Rukia na pampu yake. Pampu inavuta maji ya bahari. Maji yanapita kwenye kikaratasi cheupe.

"Wifi, unapika nini saa hizi?" Mama akauliza.
"Nanasa vijidudu vya baharini. Havionekani kwa macho. Hapa vipo maelfu."
"Maelfu! Jikoni kwangu! Ahsante, wifi. Nilikuwa nawaza, mbona hatupati wageni?"
Mama akapanda juu ya meza.

Chemsha, chemsha! Mama huchemsha kila kitu!
Huchemsha maji. Huchemsha vijiko. Juzi alichemsha ndala za Hidaya. Sasa zinamtosha paka.

"Shangazi, vya nini?" Hidaya akauliza.
"Kila kijidudu kina maelezo ndani yake. Yanakiambia kula nini, na kula vipi. Hayo ni jeni. Mashine ya kazini kwangu itasoma maelezo ya vyote kwa pamoja. Natafuta jeni ya kula mafuta."
"Kama yale yaliyomwagika pwani?"
"Yale yale."
Hidaya akaruka. Tangu mafuta yamwagike, hajaogelea!

Shangazi akaenda kuchukua chupa. Mama akashuka. Akakiona kikaratasi. Kichafu!

Chemsha, chemsha!
Toko-toko-toko! Sufuria inatokota, Mama kakishika kikaratasi juu yake.

"Mama, usichemshe! Maelezo yataharibika! Sitaogelea tena!"
"Na vikikuuma je? Na ukiugua je? Mwanangu ni wewe tu, nitapata wapi mwingine?"
"Mama, samaki wanaishi navyo. Hawaugui."
Mama akamtazama. Taratibu, akampa kikaratasi.

Shangazi akarudi, akakitia ndani ya chupa. Hidaya akaitia chupa kwenye friza.

Asubuhi shangazi akaipeleka kazini. Siku zikapita. Jioni moja shangazi akaingia mbio.
"Tumeipata! Jeni ya kula mafuta! Vijidudu vyetu vinajua kusafisha. Tukivisaidia, Hidaya ataogelea."
"Vinakula mafuta?" Mama akasema. "Basi vije vioshe masufuria yangu."

Usiku, Mama akamfunika Hidaya shuka.
"Usimwambie mtu kwamba nilipanda meza."
"Simwambii, Mama."

Taa ikazimwa. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha maji ya bahari kutoka kwa shangazi. Hidaya akainama.
"Psss! Vijidudu! Mama aliwaogopa nyinyi. Alipanda meza!"
Akakisogelea kikombe zaidi.
"Nimewaambia nyinyi tu. Simwambii mwingine."