Geji Iliyokataa Kuingia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, keekee ilianza kula chuma. Nyuzi za chuma zilijikunja kama springi na mafuta yakafuka moshi. Chuma chenyewe kilikuwa gurudumu la pampu ya maji ya hospitali. Katikati yake lilitakiwa tundu la milimita arobaini kamili.

“Wodi hazina maji tangu jana,” alisema fundi pampu, akiwa mlangoni. “Fanyeni hima, jamani!”

Shangazi, mwenye karakana, alibadilisha keekee mara tatu, kila moja nene kuliko iliyotangulia. Kisha akafunga rima, chombo chenye meno marefu yaliyonyooka, akapunguza mwendo wa mashine.

“Keekee hutoboa, rima husawazisha,” alimwambia mpwa wake, msichana wa miaka kumi na mitatu. Shuleni walimwita Milimita, maana alipima kila kitu, hata vipande vya sabuni.

Rima ilipita taratibu. Tundu likang’aa.

“Milimita, zamu yako. Subiri kipoe, ndipo upime,” alisema Shangazi, akaenda stoo kutafuta mkanda wa mashine.

Geji ya kupimia tundu ilikuwa na vichwa viwili: cha kwanza, chembamba, lazima kiingie; cha pili, kinene kidogo, lazima kikatae.

“Bado tu?” aliuliza fundi pampu.

Milimita hakuweza kungoja. Kichwa cha kwanza kiliingia, cha pili kikakataa. Akaandika kwa chaki: TAYARI.

Fundi pampu alilikumbatia gurudumu. “Lo! Mbona la moto hivi? Mlikuwa mnalipika?” Akacheka, akalipakia garini.

Milimita hakucheka. Shangazi hakumwona akipima mapema. Gari liliwaka. Akatoka mbio.

“Simama, mjomba! Simama! Usiondoke!”

Shangazi alitoka stoo, mkanda mkononi.

“Shangazi, nimepima kikiwa cha moto.”

Shangazi hakumfokea. Alitazama saa. Walilirudisha gurudumu ndani, wakangoja dakika arobaini, kisha wakapima tena. Kichwa cha kwanza kikakataa kuingia.

“Chuma cha moto hutanuka, na tundu lake pia,” alisema Shangazi. “Kikipoa, tundu hurudi dogo.”

“Ningeligonga kwa nyundo liingie kwenye mhimili wa pampu, hadi lipasuke,” alisema fundi pampu. “Na jingine sina!”

Shangazi alileta rima ya mkono, akaitanua kidogo kwa skrubu. “Zungusha wewe. Mbele tu, hata unapoitoa.”

Milimita alizungusha mpaka rima ikatokea upande wa pili. Safari hii aliweka kwanza kiganja juu ya chuma. Kilikuwa baridi. Akaisukuma geji. Kichwa cha kwanza kikateleza ndani, cha pili kikagoma.

“Imekubali!” alipiga kelele, akirukaruka.

“Haraka yako nusura ituharibie kazi,” alisema Shangazi. “Lakini umesema kosa lako gurudumu likiwa bado hapa, ndiyo maana tumelirekebisha. Ungenyamaza, tungeligundua hospitalini, tukiwa tumechelewa. Kosa liseme mapema, mwanangu.”

Saa tano na dakika ishirini simu ya Shangazi ililia. Alikuwa fundi pampu.

“Mwambieni Milimita,” alisema. “Maji yanatoka wodini!”