Nukta Nyeupe ya Jicho

Chaki ya rangi ya waridi ilikuwa imepungua. Abdulghafur aliigeuza vidoleni, akairudisha kisandukuni. Jana ilikuwa ndefu kama kidole chake cha shahada. Leo ilikuwa kipande. Alidhani ni panya. Kisha akakumbuka kwamba panya hawali chaki, na akaacha kufikiri, maana siku zile kufikiri kulimchosha kuliko kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchora watu. Aliketi karibu na lango la Ngome, ubao magotini, akiwachora wapita njia kwa mkaa na chaki za rangi. Aliyetaka sura yake ilivyo alipewa. Aliyetaka kuchekwa alichorewa pua kama mwiko na masikio kama kawa la kufunikia chakula. Lakini ndani ya jicho hakuitia ile nukta ndogo nyeupe inayolifanya jicho ling'ae. Marehemu mwalimu wake alimuusia hivyo: kutia roho ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, basi acha upungufu, picha ijulikane kuwa ni karatasi. Dzoro, aliyeuza madafu pale langoni, hakuchoka kumtania.

"Fundi, watu wako wote wana usingizi."

"Waache walale," Abdulghafur humjibu.

Ni picha moja tu aliyoitia nukta, nayo ilikuwa ya Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mtoto wao wa pekee. Homa ilimchukua baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, naye hakuwa amepata kupigwa picha hata moja. Matanga yalipokwisha, Khairiya, mamake, alimwambia mumewe kwamba uso wa mtoto umeanza kumpotea. Akimkumbuka huona mikono, huona nywele, uso hauoni. Abdulghafur akachora. Alichora mashavu, alichora hata kile kidoa cheusi cha kuzaliwa chini ya jicho lake la kulia. Khairiya aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mbona hanioni, Baba Mwanaidi?"

Basi akachukua chaki nyeupe, akatia nukta jicho hili na jicho lile. Hakuhisi kitu. Alitia udhu, akaenda kusali laasiri.

Tangu hapo chaki zikawa zinapungua. Ilianza ya waridi, ikafuata ya kahawia, kisha nyekundu ya midomo. Picha ilitundikwa chumba cha juu, na kila siku ilizidi kupendeza. Mashavu yalijaa, midomo ilikolea. Khairiya alishinda mbele yake kitini. Kadiri picha ilivyokolea, yeye alipauka. Midomo yake ikawa kama majivu, na chakula kikawa hakimpiti kooni. Hospitali walisema ni huzuni, wakampa vidonge.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, Abdulghafur alikuwa akipanda ngazi aliposikia chaki ikisugua karatasi. Ilisugua polepole, namna yeye mwenyewe anavyosugua. Alipanda kidato akasimama, akapanda kingine akasimama, na harufu ya kafuri ikamjia, ile ile ya siku walipomtoa mtoto mlango wa mbele, nzito, ya baridi, ikishuka ngazi kama maji yaliyomwagika, na ndani ya harufu hiyo sauti ya mkewe ilinong'ona ikanyamaza, ikanong'ona tena ikanyamaza, kama sauti ya mtu anayejibiwa, na kila iliponyamaza chaki nayo ilisimama. Alipoufikia mlango, vyote vilikatika. Khairiya alikuwa peke yake kitini. Mashavuni mwake mlikuwa na alama za vidole vya mkaa, vidogo.

"Ulikuwa ukisema na nani, Mama Mwanaidi?"

"Na mwanangu. Ana baridi. Ameniomba rangi, nimempa."

Abdulghafur aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba atazika tena. Aliwaza kwenda kwa mashekhe, akaogopa watakavyomuuliza kuhusu picha. Miguu ikampeleka kwa Bi Mejumaa, mwosha maiti wa mtaa. Bi Mejumaa alimsikiliza hadi mwisho bila kumlaumu. Akachukua beseni, majani ya mkunazi na kafuri, akafuatana naye.

Alisimama mbele ya picha, akasogea karibu.

"Kidoa hiki umekitia wewe hapa, chini ya jicho la kushoto?"

Abdulghafur akatazama. Alikuwa amekitia kulia. Alikuwa na hakika.

"Mimi ndiye niliyemwosha," Bi Mejumaa alisema kwa sauti ya chini. "Huanza upande wa kulia, na kidoa kilikuwa kulia. Huyu sura ameitwaa kwenye kioo, mtoto alipokuwa akijitazama. Mwanaidi yuko kwa Mola wake, mwanangu. Haombi rangi."

Alipoanza kuiteremsha picha, Khairiya aliinuka akamshika mkono.

"Mtamwosha mara ngapi mwanangu?"

"Mwanao nilimwosha, yakaisha. Hii ni karatasi."

Waliilaza juu ya mkeka. Bi Mejumaa alichovya kitambaa, akaanza upande wa kulia, akisoma Ayatul Kursi bila haraka. Shavu likatoka, sikio likatoka, maji yakawa meusi na ya waridi, na kutoka mahali fulani chumbani, si karatasini wala ukutani, sauti ya mtoto ikalalamika kwamba maji ni ya baridi, ikalalamika tena chini zaidi, hadi nukta ya jicho la pili ilipofutika, pakawa kimya. Harufu ya kafuri ikabaki ile ya beseni tu. Bi Mejumaa alishika kitambaa hewani. Kidoa hakikuwapo, na kitambaa kilikuwa bado hakijafika pale. Alilizungusha jicho lake chumbani, akabeba beseni akaenda kuyamwaga maji mahali pasipokanyagwa na watu.

Jioni Khairiya alisema ana njaa. Alikula wali kwa samaki, akaongezwa, akala tena. Damu ilimrudi midomoni. Abdulghafur alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akala naye sahani moja, na ndipo alipoona chembe ya mkaa chini ya jicho la kushoto la mkewe. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akamfuta. Akamfuta tena.

"Taratibu, baba," Khairiya alisema. "Una mkono wa baridi."

Miaka yote ile alikuwa akimwita Baba Mwanaidi. Abdulghafur akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi, na ile chembe ilikuwa pale pale. Akakirudisha sahanini, akaendelea kula.