Usichimbe Kabla ya Saini

Enzi zile, bonde letu katika milima ya New Mexico lilikuwa na dawa moja ya kila tatizo: beleshi. Kila majira ya kuchipua, kila nyumba ilitoa mtu mmoja. Tulisafisha mfereji wa mashamba, kisha tukala maharagwe kwa pilipili nyekundu. Tangu hapo nimekula vyakula bora zaidi. Sikumbuki hata kimoja.

Mwaka mmoja, kisima cha Bibi Ramoncita Lucero kilipimwa. Kilikuwa na naitreti, sumu iliyopenya ardhini kutoka mashimo ya vyoo vyetu. Mjukuu wake Delfina, aliyeishi mjini, alikuwa amejifungua. Akasema hamleti mtoto bondeni mpaka maji yawe salama.

Tulikutana ukumbini.

"Nitayachemsha," alisema Bibi Ramoncita.

"Ukichemsha, bibi, mvuke unaondoka, sumu inabaki," alijibu Orlinda, katibu wa chama cha maji. "Tunahitaji bomba la maji safi na bomba la maji taka. Jimbo linatoa ruzuku kwa vijiji vidogo. Tumeshaomba."

Mzee Eliseo, mume wa bibi, alikuwa amekwisha kunoa beleshi. "Jumamosi tunachimba. Serikali ikija itakuta kazi imekwisha."

"Na haitailipia, mzee. Kazi iliyoanza kabla ya mkataba kutiwa saini haimo katika ruzuku. Tena mhandisi hajapima mteremko. Maji taka hayatapanda mlima kwa kukuheshimu wewe."

"Babu yangu alichimba mfereji bila mhandisi."

"Mfereji wa babu yako unanywesha mahindi. Mahindi hayaharishi."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Wewe Eliseo," alisema mkewe, "mimi nataka mtoto aje hapa. Ukituharibia ruzuku, utalala na hilo beleshi lako."

"Tukishatia saini," Orlinda aliongeza kwa upole, "kazi ya mikono yetu itahesabiwa kuwa mchango wa kijiji. Wakati huo utachimba mpaka uchoke."

Tulingoja kipupwe kizima, tukinywa maji yaliyoletwa na lori. Mhandisi akapima, mkataba ukatiwa saini, ndipo tukachimba. Mzee Eliseo alituongoza na kumkosoa kila mtu. Ilikuwa mara ya mwisho bonde zima kuchimba pamoja.

Maji yalipopimwa yakakutwa salama, Delfina alikuja. Mtoto alikuwa tayari anatembea. Bibi alifungua bomba, akajaza kikombe, akampa. Mtoto alikunywa chote, akanyoosha kikombe apewe tena.